Mpira Uliomponyoka Verlin Haskett

Verlin Haskett hakuwa na kasi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mtu aliishi kwa kurusha mpira wa besiboli miaka kumi na mitatu, wanadhani alikuwa na mkono wa kutisha. Hakuwa nao. Wapo vijana wa sekondari waliorusha kwa kasi kumshinda. Yeye alikuwa na shabaha. Ukiweka glovu hapa, mpira unakuja hapa. Ukiisogeza vidole viwili, na mpira unasogea vidole viwili. Mimi nilikuwa mdakaji wake, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea mpira, kwa hiyo nina haki ya kulisema hili kuliko hao wa magazetini. Niliwadakia warushaji zaidi ya mia mbili maishani mwangu, na wengi wao walinikimbiza huku na huko kama mtu anayefukuza kuku. Kwa Verlin nilikaa nikatulia, mpira ukanikuta nilipo.

Alitoka kwenye bonde moja la machimbo ya makaa ya mawe huko West Virginia. Baba yake mchimbaji, wajomba zake wachimbaji, na yeye alikuwa ameshaandaliwa kofia ya kazi. Aliniambia shabaha aliipata kwenye banda la mjomba wake. Ukuta wa banda ulikuwa umeng'oka ubao mmoja, naye alikuwa akirusha mpira upite kwenye ule uwazi. Ukigonga mbao, mjomba aliyetoka zamu anaamka, na mjomba alikuwa na mkanda. Nilimwuliza aligonga mara ngapi. Akasema mkanda ulimfikia mara tano, basi.

Kisha ikaja safari, na ile haikuwa safari ya starehe. Bluefield, Salem, Amarillo, Chattanooga, Waterbury, Tacoma, halafu kurudi tena Amarillo kana kwamba kuna kitu alisahau kule. Ligi za chini zote hizo, safari za basi za muda wa saa kumi na mbili, mikate iliyopakwa siagi ya karanga asubuhi na jioni. Majira ya baridi, wenzake wakiwa nyumbani wanawinda kulungu, yeye alikuwa Hermosillo au Maracaibo, anarusha mbele ya watu wasioweza kutamka jina lake. Aliuzwa, akabadilishwa, akaazimwa. Safari moja timu ilimtoa yeye ikapewa mrushaji mwingine pamoja na wavu wa mazoezi. Miaka baadaye, kila akikutana na mtu wa timu ile, Verlin aliuliza hali ya wavu kwanza.

Mkewe, Nadine, alizunguka naye kote. Nyumba kumi na nne katika miaka kumi na mitatu, na katika kila mji alitafuta kazi upya: mhudumu wa mgahawa, karani, mpanga vitabu. Sikuwahi kumsikia akilalamika mbele ya watu. Mimi nilimwita shemeji tangu siku ya kwanza tulipokutana Waterbury, naye akaniita shemeji, na alikuwa akinisonta kwa mwiko nikichelewa kuja kula.

Verlin aliitwa juu, ligi kuu, mwezi wa Julai akiwa na miaka thelathini na nne. Timu siitaji. Wana mawakili, na mimi nina nyumba. Warushaji watatu walikuwa wameumia mikono wiki moja, wakahitaji mtu yeyote anayeweza kupitisha mpira juu ya bamba, kile kibao cha chini anaposimama mpigaji. Mimi nilikuwa nimeshafika huko miaka miwili nyuma, mdakaji wa akiba. Siku alipoingia chumba cha kubadilishia nguo na begi lake lenye kamba badala ya zipu, nilijifungia chooni kidogo nikalia. Sioni aibu kusema.

Mkuu wa usajili wa wachezaji alimweleza waziwazi: ukimaliza msimu ukiwa huku juu, mkataba wa mwakani ni wako. Ukishushwa kabla ya hapo, tusidanganyane, kwa umri wako hakuna atakayekuita tena. Hivyo tu. Alihitaji kubaki hadi mwisho wa Septemba. Nadine alipanga nyumba ndogo ya ghorofa, akanunua mapazia. Katika nyumba zote kumi na tatu za nyuma hakuwahi kununua mapazia, alitundika mashuka.

Na Verlin alirusha, jamani. Wiki saba. Waliingia wapigaji wakubwa, watu ambao picha zao ziko kwenye maboksi ya nafaka za watoto, akawarudisha benchi kwa mipira ambayo hata nyanya yangu angeiona ikija. Waliikosa kwa sababu haikuwa mahali walipoitaka. Katika vipindi ishirini na viwili alivyorusha, ni wapigaji wawili tu aliowapa njia ya bure kwa kukosa shabaha, na mmoja wao mimi nasema mwamuzi alikuwa amelala.

Sasa hapa lazima nieleze kitu. Kwetu kuna sheria ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote, na inaogopwa kuliko zote zilizoandikwa. Mrushaji wenu akimpiga mtu wetu kwa mpira, wetu atampiga mmoja wenu. Mbavuni au pajani, kamwe si kichwani. Anatolewa uwanjani, pengine anafungiwa siku chache, akirudi wenzake wanamnunulia bia. Na sheria ina kipande cha pili: mrushaji akiulizwa, anasema mpira uliniponyoka. Mwamuzi anajua ni uongo. Aliyepigwa, mwenye alama ya mishono ya mpira mgongoni, anajua ni uongo. Hata hivyo unasema uliniponyoka, na humtaji aliyekutuma. Mtu anayemtaja aliyemtuma hapati rafiki tena katika mchezo huu.

Ilikuwa mchana wa wiki ya pili ya Septemba, jua kali. Mrushaji wao alimpiga nyota wetu mgongoni kipindi cha tatu. Mwamuzi akazionya timu zote mbili: atakayempiga mtu sasa anatoka. Mimi nilikuwa nadaka siku hiyo kwa sababu mdakaji wetu wa kwanza alikuwa na goti bovu. Tulifika kipindi cha nane kati ya tisa tukiwa tumeshafungwa vibaya, mchezo umekwisha isipokuwa kwa jina tu. Nikiwa benchi nafunga kinga za miguu, kocha mkuu, Royce Tarrant, akaja akasimama karibu nami. Tarrant alikuwa na tabia ya kuzungumza akitazama pengine.

"Kirby Amundsen anapiga wa kwanza," akasema. "Mbavu. Usimguse kichwa."

Kirby Amundsen ndiye aliyekuwa mpigaji bora wao, kijana wa miaka ishirini na tatu, mnyoofu, kila mtu alimpenda. Nikauliza nani anarusha.

"Haskett."

Nikamwambia kwamba mwamuzi keshatuonya, Verlin atatolewa.

"Ndiyo maana siwatumii wenye namba ya kudumu, kijana. Halafu Haskett hakosi. Wale wengine nikiwaambia mbavu, wataniulia mtu." Akatema maganda ya alizeti. "Nenda."

Nayakumbuka maneno hayo kama yalivyo. Haskett hakosi. Nataka msomaji naye ayakumbuke.

Ishara yenyewe ni ndogo. Mdakaji anakunja ngumi chini ya paja, anachomoa kidole gumba kuelekea kwa mpigaji. Nilifanya hivyo. Verlin juu ya tuta, pale anaposimama mrushaji, akatazama, akatikisa kichwa. Mrushaji ana haki ya kukataa ishara, anakataa mara kumi kwa siku. Nikaitoa mara ya pili. Akatikisa kichwa tena. Hapo ningeweza kusimama, nikaenda kwenye tuta, nikamwambia, "Verlin, achana nayo, tutasema hukuniona." Hatua chache tu. Badala yake niliitoa ishara mara ya tatu, na kwa kidole kimoja nikaelekeza benchi alikokaa Tarrant, ajue haitoki kwangu. Ndiyo, nilijitoa mimi mwenyewe kwanza.

Alirusha mbavu, pale pale hasa. Lakini Amundsen alikuwa mwepesi, aliuona, akageuka na kushusha mikono ajikinge, mpira ukamkuta kwenye kifundo cha mkono. Niliusikia mfupa. Alipiga magoti kwenye mchanga bila kutoa sauti. Mwamuzi alimnyooshea Verlin kidole atoke, uwanja mzima ukazomea, na Verlin hakuenda benchi mara moja. Alishuka kwenye tuta akamwendea Amundsen. Wenzake Amundsen wakamsukuma. Akaokota kofia yake, akaondoka.

Kwa kawaida ingeishia hapo. Lakini mfupa ulivunjika mara mbili, msimu wa Amundsen ukaisha, magazeti yakapiga kelele. Ligi ikamtuma mtu mwenye tai na daftari atuhoji, mmoja mmoja, ofisini kwa Tarrant, na Tarrant mwenyewe akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake. Ikithibitika ni makusudi, kocha aliyetuma angefungiwa pamoja na aliyerusha. Verlin aliulizwa. Akajibu alivyofundishwa na wote waliomtangulia: mpira uliniponyoka. Nikaitwa mimi. Mtu wa tai akauliza nilitoa ishara gani.

"Ya nje," nikasema. "Mpira wa kawaida, mbali na mpigaji."

Akaandika. Hakuna aliyefungiwa hata siku moja. Tarrant alimpiga Verlin begani mlangoni, akamwita mwanaume. Tulidhani tumepona.

Siku mbili baadaye Tarrant akamwita Verlin ofisini. Chumba cha mapumziko kilikuwa ukuta kwa ukuta na ofisi ile, na mimi nilikuwa nimekaa pale nakunywa kahawa, nasikia. Tarrant alisema kwa upole kabisa kwamba timu inamshusha. Mwenye timu amekasirika, magazeti hayanyamazi, na mrushaji asiye na kasi akipoteza shabaha anabaki na nini? Verlin akasema hajapoteza shabaha. Tarrant akamjibu kwamba yeye mwenyewe alitamka mbele ya mtu wa ligi kuwa mpira ulimponyoka, na imeandikwa. Kahawa yangu ilipoa mkononi, na miguu yangu haikunyanyuka.

Alipotoka alikuta nimesimama karibu na kabati lake. Alianza kukunja soksi zake, mbili mbili.

"Anasema shabaha imeniisha," akasema.

"Verlin..."

"Nimwambie nini, Pel? Nimwambie nililenga?"

Hakuna mtego niliowahi kuuona mbaya kama ule. Akisema mpira ulimponyoka, amekwisha kama mrushaji. Akisema alilenga, amemvunja kijana wa watu mkono kwa makusudi, na amemtaja mkubwa wake. Mtu wa kumtoa pale alikuwa mmoja, aliyeitoa ishara. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne na mkataba wa kusaini mwezi unaofuata. Najua hizo si sababu. Nilikuwa mwoga, basi, neno lingine silitafuti.

Nadine alishusha mapazia siku ile ile. Nilikwenda kuwasaidia kupakia gari, akanikumbatia akasema wewe tu ndiye umekuja, shemeji.

Kwetu neno likishaandikwa kwenye karatasi ya mchezaji, linasafiri kumshinda mwenyewe. Majira yale ya baridi Verlin alipigia simu timu kumi na moja. Wote walikuwa wamesikia. Wengine walimwonea huruma, ndio walikuwa wabaya zaidi. Timu moja huko Florida ilikubali kumtazama mwezi wa Machi. Alirusha mipira thelathini. Mdakaji wao, ambaye namjua, aliniambia hakusogeza glovu hata mara moja. Mtazamaji wao wa vipaji alikunja karatasi yake akasema ni nzuri sana, lakini hapa hakuna mpigaji, na si wewe uliyesema kule mpira ulikuponyoka? Verlin akasema ndiyo, uliniponyoka. Akamshukuru kwa muda wake.

Akarudi West Virginia akaendesha basi la shule. Miaka ishirini na minne. Amundsen alipona, akacheza miaka kumi mingine, akatangaza bia kwenye televisheni. Tarrant alizeeka na heshima zake zote, wakampa chakula cha jioni na saa. Mimi nilicheza misimu minne zaidi, halafu nikawa kocha wa wadakaji, na nikawafundisha vijana ishara zote, hiyo nayo. Kinyozini kwao Verlin watu walimtania: lete nywele hapa, lakini wembe usimponyoke huyu kinyozi. Naye alicheka pamoja nao. Nilikuwa pale mara moja nikasikia akicheka, na nikacheka pia.

Nilikwenda kwao karibu kila mwaka, wiki ya sikukuu ya Shukrani. Tulikula, tulitazama mechi, tulisema hali ya hewa. Kila mwaka nilikwenda na nia ya kusema, na kila mwaka nilirudi nayo. Yeye hakuligusa jambo lile kamwe.

Alifariki mwezi wa pili mwaka juzi, moyo, akiwa anapasua kuni uani. Nadine alinipigia simu mwenyewe. Akasema niwe mmoja wa wanaume sita wa kubeba jeneza, kwamba Verlin angetaka.

Asubuhi ya maziko tulikuwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, akina mama wanapanga sahani za nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, mchungaji anahesabu viti. Nadine alinishika mkono akaniketisha pembeni. Alikuwa amepungua mwili lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya Waterbury.

"Shemeji, nataka nikushukuru," akasema. "Wengine walimtupa kama tambara. Wewe hata siku ile ya mahojiano ulisema ukweli, kwamba hukumwomba ule mpira, kwamba ulimponyoka. Ingekuwa makusudi asingeweza kuishi na hilo. Mimi nilikuwa namwambia, Verlin, usijilaumu, mkono ni nyama, na nyama inachoka. Anajibu, ndiyo mama. Mpaka wiki ile aliyokufa nilikuwa namwambia."

Kwa hiyo hata yeye hakuambiwa. Kwenye kuni, kwenye basi, kwa kinyozi, kitandani na mkewe, kote alikaa na uongo ule mmoja, kwa sababu kuufichua kungenifichua na mimi.

Ningeweza kupokea ile shukrani nikanyamaza. Nimewahi kunyamaza mahali palipokuwa rahisi kusema kuliko pale. Lakini alikuwa bado amenishika mkono, na nikashindwa. Nikamweleza: maganda ya alizeti, mbavu, Haskett hakosi, kidole gumba. Chumba cha mapumziko na kahawa. Sikupunguza kitu.

Nadine alisikiliza akiwa ametazama sahani. Kisha akauachia mkono wangu, taratibu, akaufuta wake kwenye sketi.

"Alikataa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wewe ukamwomba mara tatu."

"Ndiyo."

"Na alipokuwa anafukuzwa ulikuwa upande wa pili wa ukuta."

"Ndiyo, shemeji."

Mama mmoja akaja kuuliza kama waanze kufunika vyakula, Nadine akamjibu vizuri tu, afunike. Kisha akanigeukia.

"Miaka ishirini na minne," akasema, "nimelala na mwanaume aliyekuwa anajua hakukosea, na mimi namfariji kwa kukosea. Kila siku. Unajua nimemfanya nini? Nimemzika kidogo kidogo kwa mdomo wangu, na wewe unakuja kila Novemba unakula bata mzinga wangu."

Akaisukuma sahani pembeni.

"Bwana Pelletier, jeneza la mume wangu hutaligusa."

Aliinuka akaenda kwa kaka yake, mzee mwenye mgongo mbovu asiyeweza hata kubeba ndoo, akamnong'oneza. Yule mzee akanitazama, akavua koti lake. Saa tano wakalinyanyua, watano wazima na yeye, anauma meno kwa maumivu. Ngazi za kutoka kanisani ni nyembamba, ilibidi nijibanze ukutani ili wapite. Verlin alipita mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, mikono yangu ikiwa mifukoni.